Nilibadili Injini, Pikapu Ikaniumbua

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1991, ile yenye ekseli nzima mbele na springi za bapa kila pembe. Ilikuja na injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo wala kompyuta. Ilikuwa na farasi kama 90, na nilipoinunua baadhi yao walikwisha zeeka. Tambarare ilikwenda vizuri. Mlima na mzigo vilipokutana, nilirudi gia ya pili, nikawasha taa za dharura, nikaanza kuhesabu magari yanayonipita.

Ilipoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu asubuhi, njia zikawa mbili: kuichonga upya injini ile ile au kutafuta nyingine. Mtu mwenye akili timamu angeichonga. Mimi nilikuwa nimepanda gari la rafiki yangu lenye 1KD-FTV, dizeli ya lita 3 yenye turbo na komon reli (bomba moja la shinikizo kubwa linalogawia nozeli zote mafuta, kwa amri ya kompyuta), na siku ile ile nikaharibika. Kwenye Hilux za mwaka 2005 za gia za mkono, injini hiyo ilitoa kilowati 120 na nguvu ya kuvuta ya Nm 343 kuanzia mizunguko 1,400. Yangu haikufika Nm 200 hata ukiikanyaga mpaka sakafuni. Nikajiambia kampuni ni moja, silinda ni nne kwa nne, dizeli kwa dizeli, basi kuna ugumu gani? Ni kufungua bolti na kufunga bolti.

Kazi niliyoipangia wiki tatu ilichukua miezi saba.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijashika spana. Nilinunua injini peke yake. Muuzaji alinipa injini safi, turbo iko mahali pake, altaneta ipo, na fungu la nyaya lililokatwa kwa mkasi kama unyasi. Nikaona nimepata bei nzuri. Kumbe injini ya aina hii ni nusu chuma na nusu umeme, na mimi nilikuwa nimenunua ile nusu ya chuma. Kompyuta yake haikuwepo. Kisanduku kinachopandisha volti za kufungulia nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye silinda, hakikuwepo. Pedeli ya mafuta, ambayo sasa haina kebo bali ni sensa inayotuma ujumbe kwenye kompyuta, haikuwepo. Sensa ya kupima hewa inayoingia ilikuwa imebaki kwenye kopo la chujio, na kopo lenyewe lilikuwa limebaki kwenye gari ambalo sikulijua.

Vitu hivyo nilivitafuta kimoja kimoja kwa miezi miwili. Kompyuta niliipata kutoka kwenye gari moja, ufunguo kutoka jingine, pedeli kutoka la tatu. Anayetaka kujaribu jambo hili leo namwambia anunue nusu nzima ya mbele ya gari, iliyokatwa pamoja na dashibodi, nyaya zake bila jeraha, swichi ya ufunguo na ufunguo wenyewe, giaboksi, hadi vishikizo vya mabomba ya mafuta. Ataona amelipia takataka nyingi. Baada ya mwezi atakuwa anachakura takataka hizo akitafuta soketi ya sensa ya waya mbili.

Fundi wangu ni mzee aliyeanza kazi kabla mimi sijazaliwa. Nilipomletea ile injini aliizunguka mara mbili, akaigusa turbo kwa kidole, akauliza, "Mwanangu, hii ya zamani imekukosea nini?" Nikamweleza habari za mlima. Akacheka, akavua saa, tukaanza.

Kuishusha ile ya zamani kulichukua asubuhi moja. Ilikuwa na waya chache mno hata nikaona aibu: wa stata, wa altaneta, wa geji mbili, wa hita plagi, na waya mmoja mwembamba uliofungua mafuta kwenye pampu. Ukishapata umeme kwenye waya huo mmoja, injini ile inafanya kazi siku nzima, na stata ikifa unaisukuma kwenye mteremko na safari inaendelea. Sikuwahi kuithamini sifa hiyo mpaka niliponing'iniza injini mpya kwenye mnyororo, na nyaya zake zikaning'inia chini kama mizizi ya mvumo.

Kisha tukaiteremsha ndani ya chesisi, na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikakaa juu ya ekseli ya mbele.

Injini hii kwenye gari lake ilikaa juu ya mfumo wa mbele ambao kila gurudumu linacheza peke yake, kwa hiyo walioichorea sampu hawakuwa na haja ya kuiogopa ekseli. Pikapu yangu ina chuma kizima kinachopita chini ya injini, na chuma hicho hupanda na kushuka kila ukipita kwenye shimo. Gari likiwa limesimama, nafasi kati ya sampu na ekseli ilikuwa upana wa vidole viwili. Mzee alisema maneno machache tu: "Shimo la kwanza, oili yote barabarani."

Ukiinua injini ili uipate nafasi, boneti haifungi. Ukiirudisha nyuma, inagonga ukuta wa kabini na giaboksi inasogea, kisha wenzo wa gia unatokea chini ya kiti. Tulipima kwa siku mbili, tukitumia kadibodi na vijiti, kabla ya kukata chochote. Hatimaye tuliirudisha nyuma kidogo, tukaipandisha kidogo, na tukaikata sampu. Sehemu ya kina tuliihamishia nyuma ya ekseli, tukachomelea bati nene, tukaijaza mafuta ya taa usiku kucha ili tuone kama inatoa jasho.

Hapo nusura niiue injini. Sampu ikibadilika umbo, bomba la kunyonya oili nalo lazima libadilike. Tulilirefusha likafika kwenye kina kipya, na nilikuwa tayari kufunga, mzee akanizuia. Alibandika kipande cha udongo laini wa kuchezea watoto kwenye mdomo wa lile bomba, akafunga sampu kwa bolti nne, akafungua tena. Udongo ulikuwa umebanwa mpaka umekuwa kama karatasi. Bomba lilikuwa limegusa sakafu ya sampu. Injini ingewaka, taa ya oili ingezimika kama kawaida, na siku ambayo ningeikanyaga, oili isingetosha, beringi zingekwenda. Tulipunguza mpaka udongo ukabaki na unene wa milimita kumi hivi. Tangu siku ile sijauliza tena kwa nini fundi wa miaka sitini anatembea na udongo wa watoto kwenye sanduku la spana.

Giaboksi ya zamani tuliiacha. Hata kama ingeingiliana na injini, ilitengenezwa kwa injini isiyofika Nm 200, na sikutaka kujua meno yake yatasema nini. Tulitumia giaboksi iliyolingana na injini. Propela shafti ya nyuma ikafupishwa na kupigiwa balansi, ya mbele ikarefushwa. Mauntingi, vile vishikio vya injini, tulizichomelea upya kwenye chesisi. Ekzosi tuliitengeneza kwa bomba pana zaidi, maana turbo haipendi kuzibwa pumzi nyuma. Kazi hizi zote zilikwenda bila kisa, nashukuru.

Intakula ilituletea ubishi. Turbo inapoikandamiza hewa, hewa hiyo inapata joto, na kazi kubwa inaweza kuivusha nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, haibebi oksijeni ya kutosha, kwa hiyo inapitishwa kwenye intakula ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda. Kwenye gari lake la asili intakula ilikaa juu ya injini na boneti ikawa na mdomo wa kupitishia upepo. Boneti yangu haina mdomo, na mimi sikutaka kuitoboa. Ile boneti tambarare ndiyo ilinifanya nilipende gari. Kwa hiyo tuliweka intakula mbele ya rejeta, na mabomba mawili ya aluminiamu yakazunguka kulia na kushoto.

Ilipendeza sana. Halafu siku ya tatu barabarani mpira mmoja ukachomoka kwa kishindo cha tairi kupasuka, na moshi mweusi ukafunika gari lililokuwa nyuma yangu. Msukumo wa turbo unazidi kidogo bar 1, na bomba laini lisilo na ukingo halimshiki mpira hata ukikaza klipu mpaka inalia. Tulirudi kuzichomelea ncha za mabomba ukingo mdogo wa kumzuia mpira asiteleze. Kazi ya nusu saa ambayo ingefanyika mezani, tukaifanya tumelala chini ya gari.

Sasa umeme. Hapa ndipo miezi ilipokwenda.

Nilimpata kijana fundi umeme mwenye subira ya mvuvi. Alikuwa na mchoro wa nyaya, kalamu za rangi na roli za utepe. Kila waya uliokatwa aliufuata kutoka sensa hadi kwenye soketi ya kompyuta, akaupima, akauandika jina. Rangi zilitudanganya mara kadhaa, kwa sababu kompyuta niliyoinunua ilitoka kwenye gari la mwaka tofauti na injini, na baadhi ya pini zilikuwa zimehamishwa. Nilimkuta saa mbili usiku ameshika taa mdomoni akinung'unika namba za pini. Nilimpelekea chai nikaondoka kimya kimya.

Siku ya kuwasha ilifika. Mzee, kijana, mimi, na watu watano ambao hakuna aliyewaalika. Turbo tulikuwa tumeimiminia oili kwenye tundu lake kwanza, kwa sababu shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kuizungusha kavu hata kwa sekunde chache ni kuichimbia kaburi. Tulipampu mafuta kwa mkono mpaka pampu ikawa ngumu. Nikageuza ufunguo. Ikawaka, sauti tamu, kisha ikazima. Tena. Ikawaka, ikazima. Kila mara sekunde mbili.

Mzee alifanya kile ambacho mikono yake imekifanya miaka arobaini. Alichukua spana, akainama kulegeza nati ya bomba la mafuta kwenye nozeli, atoe hewa injini ikizungushwa na stata. Kijana alimshika mkono. "Mzee, hapana. Hizi hazifunguliwi hivyo."

Kwenye 3L nozeli hufunguka kwa shinikizo la bar 100 na ushee. Ukilegeza bomba unaona mafuta yanachuruzika, unafuta kwa kitambaa, unakaza. Hivyo ndivyo tulivyotafuta silinda mbovu siku zote: legeza moja, sikiliza, kaza, nenda nyingine. Kwenye komon reli shinikizo linapita bar 1,000. Mchirizi mwembamba kuliko sindano unaweza kupenya ngozi na kuingiza dizeli ndani ya mkono. Kidonda cha nje kinakuwa kama umeumwa na mbu, lakini ni cha kukimbiziwa hospitali saa ile ile, kwani watu wamepoteza vidole na hata mikono. Mzee aliirudisha spana kwenye sanduku polepole. Hakusema neno. Jioni aliniomba nimweleze tena, akasikiliza kama mwanafunzi, na mimi nilimheshimu zaidi kwa dakika zile kumi kuliko kwa kazi zake zote nilizowahi kuona.

Tatizo lenyewe halikuwa hewa. Lilikuwa ulinzi wa wizi. Ufunguo una chipu ndani yake, kompyuta inaisoma, na isipoitambua inakata mafuta. Kompyuta yangu ilikuwa inamtafuta mwenye gari lake la zamani, na mimi nilikuwa mwizi machoni pake. Ilibidi ipelekwe kwa mtaalamu wa kuprogramu aioanishe na ufunguo niliokuwa nao. Baada ya hapo ikawaka na haikuzima, na wale watano wasioalikwa wakapiga makofi.

Nilidhani nimemaliza. Ukweli ni kwamba injini ilikuwa imemaliza kuletwa, na sasa ilikuwa zamu yake kukikagua kila kilichobaki kwenye pikapu ya mwaka 1991.

Ilianza na nyaya za hasi. Stata ikizunguka, taa za dashibodi zilicheza na kompyuta ikapoteza fahamu. Sensa ya pedeli ikasema nimekanyaga wakati mguu hata haujaigusa pedeli. Kijana alichukua mita, akaweka ncha moja kwenye bloku ya injini na nyingine kwenye hasi ya betri, akaniambia, "Piga stata, kaka." Mita ikasoma volti moja na nusu. Waya mzuri usingefika hata nusu volti. Ule waya wa hasi wa zamani ulikuwa umeoza ndani ya mpira wake, kijani kitupu. Injini ya 3L haikujali, kwa sababu haikuwa na cha kuchanganyikiwa. Sensa nyingi za injini mpya hufanya kazi kwa volti 5 tu, kwa hiyo ukiiba volti moja na nusu umebadilisha maana ya kila kitu. Tulitandaza nyaya tatu mpya nene, betri kwenda bloku, bloku kwenda chesisi, chesisi kwenda kabini, tukazikwangulia rangi hadi chuma king'ae. Mizimu ikatoka.

Kisha rejeta. Ile ya zamani ilikuwa nzima, haivuji, na kwa sababu hiyo niliiacha. Mjini sindano ilitulia. Mlima wa kwanza wenye mzigo, ule ule ulionifanya nianze balaa hili, nilipanda kwa gia ya nne huku nikiimba. Nilipofika juu sindano ilikuwa imekwisha pita mstari. Injini inayotoa nguvu karibu mara mbili inatupa pia joto jingi zaidi kwenye maji, na mimi nilikuwa nimeweka intakula mbele ya rejeta ndogo, nikaiziba upepo. Zaidi ya hapo, kava la feni halikulingana na feni mpya, tukaliacha mezani "kwa muda". Feni bila kava inazungusha hewa ile ile ya moto kama mtu anayechochea uji. Niliiacha injini inguruma taratibu, turbo nayo ipoe, nikasubiri. Rejeta mpya nene na kava lililokatwa kwa vipimo viliimaliza shida. Kama ningefunga kava peke yake kwanza, sijui, huenda ningeokoa rejeta. Nilikuwa na hasira, nikanunua vyote.

Breki naziandika kwa aibu, kwa sababu sikuzifikiria kabisa. Pikapu ilikuwa haiwezi kufika kilomita 110 kwa saa bila kuombewa, basi breki zake zilinitosha. Sasa ilifika 110 mimi nikiwa nazungumza na abiria. Nishati ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo, na kutoka 80 hadi 110 ni karibu maradufu ya kile ambacho breki zinapaswa kukigeuza joto. Mara ya kwanza nilipohitaji kusimama kwa ghafla nilisimama, lakini nilisimama mahali ambapo sikupanga, na harufu ya pedi ikaingia kabini. Abiria wangu, ambaye ni mke wangu, alikaa kimya mpaka tukafika nyumbani. Nyumbani akasema, "Kwa hiyo umenunua kukimbia, kusimama utanunua lini?"

Nilinunua wiki ile ile. Diski mpya za mbele, pedi, mipira yote ya breki (ile ya zamani ilivimba kama puto ukikanyaga), ngoma za nyuma zikachongwa, na buusta, inayousaidia mguu kukanyaga breki, ikakaguliwa ili nijue inapata vakumu ya kutosha. Injini ilikuwa nzito kuliko ya kwanza na pua ya gari ilikuwa imeshuka sentimita tatu, kwa hiyo springi za mbele nazo zikaongezwa jani. Ningerudi nyuma, breki zingekuwa kazi ya kwanza, gari likiwa bado na injini ya zamani, kabla ya kununua hata bolti moja ya turbo.

Halafu ule ugonjwa uliotunyima usingizi.

Gari lilikuwa linakwenda vizuri kwa dakika thelathini au arobaini. Ghafla nguvu inakatika, taa ya injini inawaka, mizunguko haipandi. Unasimama, unazima, unakaa kama dakika tano, unawasha, gari zima. Dakika nyingine kumi, yale yale. Kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja alisema turbo imekufa. Mwingine akasema nozeli, nibadilishe zote nne na misimbo yake iingizwe kwenye kompyuta. Wa tatu alisema nirudishe 3L, na kwa siku mbili nilimwona ndiye mwenye hekima.

Kijana wa umeme alikataa kubadilisha kitu chochote kwa kukisia. Alichomeka mashine ya kusomea kompyuta, akakaa kiti cha abiria, tukaenda barabarani. Kuna namba mbili alizozitazama, shinikizo la mafuta ambalo kompyuta inaliomba na shinikizo ambalo reli inalitoa kweli. Kwa nusu saa zilitembea pamoja kama ng'ombe wawili wa plau. Kisha ile ya pili ikaanza kubaki nyuma, polepole, ikazidi kubaki, na kompyuta ikakata nguvu ili kuilinda injini. Turbo ilikuwa nzima. Nozeli zilikuwa nzima. Pampu ilikuwa inaomba mafuta na haipewi.

Tulishusha tangi. Ndani yake kulikuwa na miaka yote ya gari hili: kutu, utelezi mweusi wa viumbe wanaoota panapokutana maji na dizeli, na kitu kilichofanana na kipande cha kitambaa. Bomba la kunyonyea lina wavu mwishoni. Ukiendesha, uchafu ule ulivutwa taratibu ukaufunika wavu. Ukizima, mvuto unakwisha, uchafu unaanguka, wavu unafunguka, na gari linapona. Injini ya zamani ilinyonya kidogo, kwa hiyo haikulalamika hata siku moja. Tangi hilo lilikuwa chafu siku zote za ndoa yetu na mimi sikujua.

Kilichonitisha ni wazo la nini kingepita pale kama chujio langu lisingekuwa jipya. Sehemu zinazoteleza ndani ya nozeli za komon reli zinaachana kwa mikroni chache tu, na unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Chembe usiyoiona kwa macho inaweza kuikwaruza nozeli ikaanza kuvujia ndani ya silinda, na nozeli inayomwaga mafuta mfululizo inatoboa pistoni. Tangi tuliliosha, tukalikwangua, tukaliona halitibiki, tukaweka jingine. Mabomba ya chuma ya kutoka nyuma hadi mbele tukabadilisha yote. Kabla ya chujio kuu tukaongeza la kutenga maji, lenye kikombe cha kuona chini. Kila Jumamosi nalifungua kidogo, naangalia.

Karatasi nazo usiziache mwisho kama nilivyofanya. Namba ya injini iliyochapwa kwenye kadi ya gari haikuwa tena ile iliyokuwa kwenye bloku, na bima iliyoandikiwa injini ya lita 2.8 ingeweza kunigeuka siku ya ajali. Nilipeleka gari kukaguliwa, nikajibu maswali mengi kuliko niliyotarajia, nikabadilishiwa kadi. Mkaguzi alilala chini akaangalia mauntingi kwa tochi kwa muda mrefu. Alipoinuka aliuliza nani alichomelea, nikamtaja mzee, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Ni mwaka na nusu sasa. Mlima ule nimeuzoea na siwashi tena taa za dharura. Mafuta inakunywa kidogo kuliko ya zamani nikiwa mpole, na sana nikiwa na haraka, kwa hiyo hesabu ya mwisho wa mwezi haijabadilika kama nilivyomuahidi mke wangu. 3L iko pembeni ya banda imefunikwa turubai, na sijui kwa nini sijaiuza.

Wiki iliyopita nyuma kulianza mlio. Hausikiki ukiwa chini ya 70, unaanza hapo kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo, na ukiachia mafuta unabadilisha sauti. Nilimpeleka mzee tukaendesha pamoja, madirisha yamefungwa. Alisikiliza, akaniangalia, akaanza kucheka kabla mimi sijauliza. Difu, ile gia ya kati ya magurudumu ya nyuma, bado ni ya mwaka 1991. Tunaifungua Jumamosi.